Laini yako ya pesa ikae kwa kabambe

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Wengi wenu mnakumbuka, maana hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza. Kuna sehemu zilizokaa hivyo hadi Jumamosi, na hiyo Jumamosi sisi tunaokula kwa pesa za simu tuliona kitu ambacho tulifaa kuwa tumekiona zamani. Mtu ana elfu nane kwa simu. Duka liko wazi, wakala yupo, floti ipo, netiweki ipo. Lakini simu yake, ile nzuri ya kioo kikubwa, ilizima usiku na mtaa mzima hakuna pa kuchajia. Elfu nane iko na haiko. Kando yake amesimama mama mboga na simu ya vitufe aliyoichaji mara ya mwisho Jumatano. Anatoa mia tano yake, anahesabu, anaenda zake.

Giza hilo lilirudi Novemba mwaka huo huo, likarudi tena Desemba. Halafu 2024 ikaja na mafuriko.

Wateja wetu wanaofanya kazi nje, yaani watu wa boda boda, walinzi wa usiku, wafugaji, wavuvi, wapagazi wa mlimani, hutuuliza swali moja sana: ninunue simu gani ngumu ambayo haitaniangusha? Wanatarajia tutaje jina. Hatutalitaja. Modeli hubadilika kila baada ya miezi michache, na ile tutakayoisifu leo kesho huipati Luthuli Avenue. Tulicho nacho ni maoni, nayo ni haya: kabla hujauliza simu gani ni ngumu, amua kwanza laini yako ya pesa itakaa wapi. Kwetu sisi jibu ni kabambe. Iite katululu, iite mulika mwizi, iite kitochi, ni ile ile ya vitufe na tochi juu. Simu janja ibaki na kazi zake zingine zote.

Tunajua tunajichongea. Kampuni yenye programu yake ya simu janja, inayowahimiza kila siku muipakue, leo inawaambia laini ya pesa ikae kwa simu isiyoweza kuipakua. Ndiyo hivyo. Programu ni nzuri siku ikiwa nzuri. Hapa tunaongea juu ya siku ile nyingine.

Simu ni mkoba, laini ndiyo ufunguo

Tuanze na jambo ambalo bado linawachanganya wengi. Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwa akaunti, na ufunguo wa akaunti ni laini pamoja na nambari yako ya siri. Tumepokea watu wanaolia kwa sababu simu imetumbukia chooni, wanadhani akiba imeenda nayo. Haijaenda. Ukiokoa laini, ukaifuta maji, ukaitia kwa simu yoyote inayofanya kazi, zile namba za kuanza na nyota na kuishia na reli zitakufungulia menyu kama kawaida. Hazihitaji bando wala hazijali simu ni ya nani. Na ikiwa laini imepotea kabisa, utairudisha kwa kitambulisho chako. Ni usumbufu, lakini si msiba.

Sasa, hapo ndipo vitu vidogo huamua. Kabambe nyingi hutumia kadi ya ukubwa wa zamani. Simu janja hutumia ile ndogo kabisa. Ukinunua laini siku hizi inakuja imekatwa mara tatu, na ukishaingiza ile ndogo kwa simu yako unatupa vile vifremu vya plastiki vilivyobaki. Usitupe! Siku utakapotaka kuhamisha laini yako kwa kabambe ya shemeji, saa nane usiku, mko njiani kwenda hospitali, kile kifremu cha bure ndicho kitakachoifanya kadi ikae mahali pake. Bila hicho kadi inacheza ndani, simu inakwambia weka laini, na wewe unapiga betri kofi. Kibandike ndani ya kava ya kitambulisho, kinatosha hapo.

Kuna pia laini zisizo na kadi kabisa, zile za kidijitali zinazoishi ndani ya simu yenyewe. Ni teknolojia safi kwa mtu wa ofisi au msafiri wa nchi za nje. Kwa laini ya pesa ya mtu anayeshinda porini, ziwani au juu ya pikipiki, tunasema hapana. Simu ikifa, hakuna kitu cha kuchomoa.

Na namba za watu wako ziko wapi? Wengi wenu mkiangalia mtakuta majina yote mia tatu yamehifadhiwa kwa akaunti ya Google, na kwa laini yenyewe hakuna hata moja. Ukihamisha laini unabaki na ufunguo wa pesa lakini hujui umtumie nani, kwa sababu hakuna mtu wa miaka hii anayeshika namba ya mke wake kwa kichwa. Hifadhi angalau tano kwa laini. Andika mbili kwa karatasi.

Kidole chenye maji

Wanaouza simu huongea sana juu ya simu kuanguka. Wale wanaotupigia wakiwa na shida mara nyingi hawajaangusha kitu. Wana vidole vilivyolowa.

Kioo cha kugusa hufanya kazi kwa kuhisi umeme kidogo wa mwili kupitia kidole. Tone la maji linaweza kukidanganya. Fikiria mtu wa boda amesimama chini ya mti mvua ikinyesha, abiria amemtumia mia mbili na hamsini, anataka kuangalia salio au kulipia mafuta. Anabonyeza 4, kioo kinasoma 7. Anajaribu tena. Anajaribu tena. Ukikosea nambari ya siri mara kadhaa akaunti hujifunga, na tumeiweka hivyo makusudi ili mwizi asibahatishe. Mfumo haujui kama anayekosea ni mwizi au ni mvua. Kumfungulia mtu huyo kunahitaji apige simu, athibitishe yeye ni nani, asubiri. Petroli haimsubiri.

Vitufe havina hiyo shida. Kidole kiwe na maji, matope, damu ya mbuzi au glavu, kitufe cha 4 ni 4. Baada ya muda utaandika nambari yako ya siri bila hata kuangalia, jambo ambalo pia linakusaidia ukiwa na mtu anayekuchungulia begani. Kama kabambe ingekuwa na faida hii moja pekee, bado tungesema laini ya pesa ikae hapo.

Lakini ina nyingine, nayo ni chaji. Betri ya kabambe ni ndogo, nyingi ni kama mAh 800 hadi 1,000, na simu janja ya kawaida sasa ina 5,000. Mtu akisoma hizo namba anadhani simu janja itadumu mara tano. Kumbe kazi ya kuwasha kioo kikubwa na mambo mengi yanayoendelea kwa siri nyuma ya kioo hicho hula yote ndani ya siku moja, na kabambe isiyoulizwa maswali mengi hukaa siku tatu, nne, wengine wiki. Kule ambako kuchaji ni kupeleka simu kwa kinyozi wa sokoni na kulipa bob kumi au ishirini, hiyo ni pesa na ni safari.

Halafu angalia kama mgongo wake unafunguka. Simu inayofunguka unaweza kubeba betri ya pili ikiwa imejaa, imefungwa kwa karatasi kavu, na ukaibadilisha gizani kwa nusu dakika. Zile betri za BL-5C, zilizotumika kwa Nokia 1100 ya 2003, bado zinatoshea kabambe nyingi na bado ziko kwa kila kibanda cha fundi. Ila nunua nzuri. Za bandia hufura kama mandazi, na betri iliyofura usiitoboe wala usiendelee kuitumia, itoe.

Baridi pia hula chaji. Waliopanda Mlima Kenya wanajua: ukiamka saa nane usiku kuelekea Point Lenana, mita 4,985, simu iliyolala nje ya mfuko inaonyesha asilimia ishirini na jana jioni ilikuwa sitini. Betri za lithiamu hupunguza nguvu zikipata baridi. Ilale nawe, karibu na mwili. Na kule Lodwar shida ni kinyume: usiiache juani kwenye tangi la pikipiki au kwa dashibodi, maana joto huua betri polepole na haifufuki.

Hizi simu za siraha nzito je?

Tusionekane kama tunapinga simu janja ngumu, zile nene zenye raba kwenye pembe. Zipo nzuri, na kwa mtu anayehitaji ramani, kamera na redio ya kikosi kwa kifaa kimoja, kama walinzi wa wanyamapori au wapimaji wa ardhi, zina maana. Tatizo letu ni vile zinavyouzwa, na vile mtu analipa bei ya mbuzi watatu kwa ajili ya herufi asizozielewa.

Herufi ya kwanza ni IP, ikifuatwa na namba mbili. Namba ya kwanza ni vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa: haliingii. Ya pili ni maji. Ukiona 4 maana yake inavumilia kurushiwa matone, basi. Ukiona 7, imepimwa kuzama mita moja kwa dakika thelathini. 8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja, kwa hiyo IP68 ya simu moja si lazima iwe sawa na ya simu nyingine. Jambo ambalo muuzaji hasemi ni kwamba kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu yaliyotulia, na simu ikiwa mpya. Maji ya bahari pale Kilifi si hayo. Maji ya sabuni si hayo. Na raba za ndani huzeeka, na simu ikishafunguliwa na fundi hata mara moja kubadilishwa kioo, hesabu kwamba IP imebaki kwa boksi tu. Tena soma garanti: mara nyingi maji hayamo, hata kama tangazo linaonyesha simu ikiogelea.

Ya pili ni MIL-STD-810, ambayo wauzaji huita ya jeshi la Marekani. Ni kweli ni utaratibu wa vipimo wa jeshi la Marekani. Lakini ni kitabu kirefu cha vipimo vingi tofauti, na mtengenezaji huchagua atakavyofanya. Kile cha kuangusha, kwa mfano, huangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22, na inaruhusiwa kugawa hizo mara 26 kwa vifaa hadi vitano. Sakafu yenyewe ni plaiwudi iliyolazwa juu ya saruji. Lami ya Thika Road haina plaiwudi.

Kwa hiyo tukiulizwa, tunasema: kama una pesa na kazi inaihitaji, nunua, lakini laini ya pesa bado isikae humo peke yake. Mtu akiwa na elfu thelathini ya simu, elfu mbili ya kabambe haimshindi. Na kama huna hiyo elfu thelathini, ambalo ndilo hali ya wengi wetu, huna haja ya kujiona umekosa usalama. Kabambe iliyowekwa ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kuzungusha, ule wa siagi ya njugu, inavuka ziwa ikiwa kavu kuliko simu nyingi za siraha. Wavuvi walitumia mifuko ya nailoni zamani, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, na hata hivyo ilikuwa inatoboka. Mkebe hauzami, hata mtumbwi ukipinduka utauona unaelea.

Na tafadhali, ikilowa, achana na habari ya mchele. Zima, toa betri kama inatoka, toa laini, ipanguse, iweke mahali penye upepo na kivuli kwa siku nzima au mbili. Mchele haunyonyi kitu cha maana na unaacha unga kwa tundu la chaja. Upike.

Ukiwa dukani

Usinunue kwa kuangalia boksi. Omba mwenye duka aiwashe, ingiza laini yako mwenyewe, kisha fungua menyu yetu hapo hapo. Bonyeza nyota. Bonyeza reli. Hivyo vitufe viwili ndivyo mlango wa pesa zako, na kwa simu za bei ya chini ndivyo tunavyosikia vikilalamikiwa zaidi, kwamba reli imegoma. Simu isiyo na reli nzuri ni tochi yenye redio.

Washa tochi. Iwe na kitufe chake au njia fupi, si ya kutafuta ndani ya menyu nne, kwa sababu utaitafuta ukiwa na hofu. Sikiliza redio bila vipokea sauti, maana nyingine hazishiki bila waya wa masikioni, na siku netiweki imelala redio ndiyo itakayokwambia barabara gani imekatika. Piga simu, sikia kama sauti inapenya kelele za matatu. Ingiza laini mbili kama zina nafasi mbili. Kwa mashambani hilo ni muhimu kuliko raba za pembeni: sehemu moja mlingoti ulio karibu ni wa kampuni hii, ukivuka kilima ni wa ile.

Kisha bonyeza *#06#. Itakuja namba ya tarakimu kumi na tano. Linganisha na iliyo kwa boksi. Zisipolingana rudisha, usisikilize hadithi. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ilizima simu bandia nchi nzima, na watu walioona wamenunua rahisi waliamka na kipande cha plastiki. Isitoshe, simu bandia ndizo zile zinazoandikwa betri kubwa ajabu halafu zinazima saa sita mchana.

Mitumba si mbaya. Ila ujue umenunua kwa nani.

Simu ya mkopo si simu ya dharura

Hapa tutaongea wazi hata kama wengine katika biashara hii hawatafurahi. Simu janja za kulipia kidogo kidogo kila siku zimewasaidia watu wengi kupata simu ambazo wasingezipata. Hatuzipingi. Lakini nyingi zimewekewa kufuli la mbali: usipolipa, simu inajifunga hadi ulipe. Sasa jiulize ni siku gani mtu hukosa kulipa. Ni siku ambayo mtoto ameugua, au pikipiki imeharibika, au mvua imefunga barabara na hajapata hata abiria mmoja. Yaani kufuli linakuja siku ile ile ambayo simu inahitajika zaidi.

Mteja mmoja alitupigia kwa simu ya jirani. Alikuwa ametumiwa pesa na ndugu zake za kumpeleka mama mkwe hospitali, akaona ujumbe ukiingia, lakini kioo kilikuwa kimefungwa kwa deni la siku tatu. Deni lenyewe halikufika mia tatu. Tukamwambia toa laini, itie kwa hiyo ya jirani. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwani inawezekana?” Ilichukua dakika mbili. Hatujui kama wengine wa aina yake walipata mtu wa kuwaambia.

Kwa hiyo kama simu yako ni ya mkopo, kabambe kwako si anasa ya pili. Ndiyo ya kwanza.

Na ikiibwa?

Hili ndilo pingamizi kubwa tunalopata, na ni la haki. Simu janja ina alama ya kidole, kabambe mtu akiiokota anaisoma meseji zote. Ni kweli. Hawezi kutoa pesa bila nambari ya siri, lakini akishika laini anaweza kupokea zile namba za muda zinazotumwa na benki, na anaweza kuwaandikia watu wako akiomba watume pesa haraka kana kwamba ni wewe.

Dawa ipo na wachache wanaitumia: weka nambari ya kufunga laini yenyewe. Iko kwa mipangilio ya usalama ya kila simu, hata kabambe ya elfu moja. Ukishaiweka, laini ikitolewa na kuingizwa kwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, inaomba hiyo nambari. Ukikosea mara tatu inajifunga na kutaka PUK, ambayo imeandikwa kwa ile kadi kubwa laini ilipotoka. Ukikosea PUK mara kumi laini inakufa kabisa, kwa hiyo usibahatishe. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, na usiifanye iwe sawa na ya pesa. Pia weka kabambe yenyewe ijifunge vitufe kwa nambari. Na zoea kufuta meseji za benki ukishazisoma.

Na ukilazimika kutia laini yako kwa simu ya mtu mwingine, baadaye angalia meseji za salio na za kutuma, maana zinaweza kubaki kwa kumbukumbu ya simu yake. Zifute kabla ya kurudisha. Mwenye simu hata kama ni shemeji, nambari ya siri unabonyeza mwenyewe.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: kabambe inaonekana ya ushamba. Vijana wanaificha. Tumeona mtu akiitoa mfukoni kwa kuigeuza kwanza, kama anayetoa barua ya korti. Hatuna la kusema kwa hilo, ila kwamba ukiingia kwa gari la wageni Maasai Mara utakuta dereva ana simu mbili, na ile inayokaa kwa mfuko wa shati, yenye vitufe, ndiyo anayoijibu.

Karibu na kitanda

Maji yalipoingia Mai Mahiu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, watu walikuwa wamelala. Katika usiku kama huo hakuna anayetafuta chaja. Kinachokusaidia ni kile ambacho mkono unakijua mahali kilipo gizani. Kama unaishi karibu na mto, chini ya mteremko, au kwenye mtaa unaoshika moto, kabambe ikae mahali pamoja kila usiku ikiwa na chaji, na mtoto mkubwa wa nyumba ajue kuwasha tochi na kupiga 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199. Hifadhi kwa laini, si kwa kumbukumbu ya simu.

Netiweki ikisumbua, meseji hupenya pale ambapo sauti imeshindwa, kwa sababu inahitaji nafasi kidogo sana na inaweza kusubiri. Andika mahali ulipo kwanza, mengine baadaye. Na kama hakuna netiweki kabisa, zima simu, uiwashe kila baada ya saa moja. Simu inayotafuta mlingoti bila kuupata humaliza chaji haraka.

Weka kitu kidogo ndani ya akaunti usichokigusa, hata mia tano. Na kitu kidogo cha noti mahali pengine, kwa sababu siku ya mafuriko wakala naye amekimbia.

Sisi pia tuna kazi yetu ya kufanya. Menyu yetu ya nyota na reli hukatika mtu akichelewa kujibu, na muda tuliouweka ulipimwa na watu walioketi kwa viti ofisini, mikono mikavu. Anayetuma pesa akiwa amejificha mvua chini ya mti, akisoma kioo kidogo kwa mwanga wa umeme wa mawingu, hukatiwa kabla hajafika mahali pa nambari ya siri na kuanza upya kutoka mwanzo. Mmetuambia hivyo mara nyingi. Tumeomba muda huo uongezwe, na bado tunasukuma. Ikikukatia, tupigie utuambie ilikuwa hatua ya ngapi na ulikuwa wapi, maana hizo ndizo hoja tunazopeleka mezani.